Konokono Hakimbizwi

Zimeni hizo simu kwanza. Siwachukii, na simu zenu sizichukii, ila mimi nimekula ugali kwa masikio haya mpaka nimezeeka, na sikio halitumikii mabwana wawili.

Mimi ni Dezideri. Watu wa Mazwi, hapa Sumbawanga mjini, wananiita Fundi Dezi, fundi wa redio na gramafoni, mstaafu. Nasema mstaafu kwa sababu macho yamegoma kuona waya mwembamba, siyo kwamba kuna mtu aliyenistaafisha. Shule ya ufundi sikuiona hata geti lake. Nilijifunza kwa kufungua, kuharibu, kutukanwa, halafu kufunga tena. Hasira sikujifunza, hizo nilizaliwa nazo. Mama yangu alikuwa anasema nilitoka tumboni nimekunja ngumi.

Vijana mnaotaka kazi hii mnapenda kuniuliza, "Babu, cha kwanza tununue kifaa gani?" Hamnunui chochote. Cha kwanza mnanyamaza na kusikiliza. Hilo mimi lilinichelewea sana, na lilipokuja lililetwa na konokono.

Tulieni. Kwa konokono nitafika.

Kwanza mawe ya redio, hizo betri. Nyie mnachaji ukutani, mnalala. Enzi zile za Ujamaa mawe yalikuwa yanaonekana kama mvua ya Agosti. Ukiuliza dukani una mawe, mwenye duka anakuangalia kama umemuuliza umri wa mke wake. Kwa hiyo watu walikuwa hawaji kwangu kutengeneza redio tu, walikuwa wanakuja kufufua mawe. Unayaanika juu ya bati, unayageuza kama mihogo. Yakigoma, unayagonga tumboni kwa jiwe la kweli, taratibu, kama unavyompiga mgongoni mtoto aliyepaliwa. Yanapata uhai wa mchana mmoja. Na baridi ya huku kwetu mnaijua wenyewe. Mwezi wa sita, wa saba, jiwe linalala kabla ya mwenye redio. Nilikuwa nayatia kwapani chini ya sweta, huku na huku, nayapasha moto njia nzima. Nikipita sokoni nimetanua mikono watu wanasema, "Dezi leo anatafuta ngumi." Natafuta ngumi wapi! Napasha mawe.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Oresti. Alikuwa amefanya kazi ng'ambo, Zambia, kwenye migodi ya shaba. Wenzake walirudi na suti. Yeye alirudi na kikohozi, gramafoni ya mawe inayofungwa kama sanduku, na santuri moja tu. Meza yetu ilikaa kwenye baraza la duka la Mzee Hamadi, muuza vitambaa, chumvi na mafuta ya taa, mtu wa msikiti na mtu wa yadi. Kodi hakutaka. Alitaka kitu kimoja, na alikisema siku ya kwanza akiwa ameshika ile yadi ya mbao ya kupimia kitambaa. "Hapa kwangu hakuna mteja anayepunjwa. Fundi akimdanganya mtu mara moja, meza inashuka ngazi."

Ngazi za baraza lile zilikuwa fupi tu, lakini mimi nilikuwa naziona kama poromoko la mlima. Chini ya hapo nilikuwa sina kazi nyingine. Shamba la baba lilikuwa na kaka zangu wa kutosha.

Sasa kuhusu kusikiliza. Siku moja mzee kutoka Milanzi alileta redio, akasema inakohoa. Mimi hata shikamoo yangu haijaisha vizuri, nimeshachomoa bisibisi. Nikafungua, nikachomoa hiki, nikachomoa kile, meza nzima ikajaa matumbo ya redio. Oresti akaja, akalichukua lile kasha tupu, akalitikisa sikioni, akaliinamisha. Ulezi ukamwagika. Panya walikuwa wamefanya ghala.

"Dezi," akasema, "huyu alikuwa amepaliwa na punje, wewe ukampasua."

Yule mzee wa Milanzi akaukusanya ulezi wake wote, akautia mfukoni. Akauliza kama na wenyewe tunautoza.

Haya, santuri. Jalada lake lilichorwa konokono mkubwa, mwekundu, anapanda ngazi kwenda mwezini. Nyuma kulikuwa na picha ya Wazungu watano wenye nywele kama mikia ya farasi, wamekaa kwenye majani kama watu waliofukuzwa nyumbani. Jina la bendi liliandikwa kwa herufi zilizojikunja kama mizizi ya mti, kila mtu akasoma lake, tukashindwana, tukawaita Konokono. Basi.

Na upande mmoja wa santuri ulikuwa wimbo mmoja! Nyie nyimbo zenu unapiga chafya imeisha. Konokono akianza, unaweza kubeba ndoo ukaenda kisimani, ukasengenya huko, ukarudi, mwimbaji bado hajafungua mdomo. Kwanza kinanda kama cha kanisani, ila kimetoroka padri hayupo. Halafu gitaa linalia kama ng'ombe anayemwita ndama. Halafu ngoma. Halafu vyote vinanyamaza, unadhani mawe yamekufa, unainuka uyapige, kumbe mtego. Mwisho kabisa ndiyo anakuja mwimbaji, sauti nzito, ya babu aliyekaa karibu na moto. Kiingereza chake hatukukijua. Lakini babu akiongea, huhitaji kujua kila neno ili uwe na heshima.

Tulikuwa tunakutana kila Jumapili baada ya misa, wakulima, washona nguo, wahubiri wa mdomo tu kama mimi. Kila kipande cha wimbo tulikipa jina. Kulikuwa na Kupalilia. Kulikuwa na Mvua Imekosea Njia. Kulikuwa na Kuteremka Bondeni, pale gitaa linaposhuka na kushuka kama barabara ya kwenda Ziwa Rukwa, unashika kitu usianguke. Na ole wako uongee wakati wa Kuteremka Bondeni. Mshona nguo mmoja alikohoa hapo, nilimtoa barazani kwa kola.

Hata katibu wa tawi la chama alikuja, mikono nyuma.

"Ndugu Oresti, nimeambiwa hapa mnapiga muziki wa kibepari."

Oresti akampa kiti chake. "Kaa usikilize, ndugu katibu. Ukimwona mmoja anakimbia kuwaacha wenzake, niambie nimzime."

Katibu akakaa. Upande ukaisha. Akasafisha koo.

"Huyu wa ngoma anajituma."

"Anajituma, ndugu."

"Na wa kinanda anamsubiri."

"Hajawahi kumwacha, ndugu."

Katibu akasimama, akajipangusa suruali. "Jumapili ijayo mnaanza saa ngapi?"

Lakini shabiki wa kweli kuliko wote alikuwa Mama Anjelina, jirani wa duka. Uani kwake palipakana na baraza, na yeye na binti zake wawili walikuwa wanatwanga mahindi kwa Konokono. Michi mitatu, kinu kimoja, kupokezana. Wimbo ule ulikuwa na kilema, kila mzunguko pigo moja linakosekana, kama jino lililong'oka. Sisi wanaume lilitusumbua, miguu ilikuwa inajikwaa. Mama Anjelina alilipenda. "Hapo ndipo natia mkono kugeuza mahindi," alisema. "Hao Wazungu wametwangishwa na mama yao."

Lakini tulikuwa na kosa, na hatukulijua. Lilikuwa kwenye mpira. Ndani ya gramafoni ile mna mota ndogo, mna sahani, na katikati mkanda wa mpira unaozungusha sahani. Ule wa kiwandani ulikatika mapema sana, sijajua hata kushika koleo. Nikakata pete kwenye tyubu ya baiskeli ya Oresti, nikavisha, sahani ikazunguka, nikajiona nimeumba dunia. Vijana, sikilizeni: tyubu ikikaza sana mota inaelemewa, ikilegea inateleza. Mtu akikuletea chombo kinachozunguka, usifurahi kwamba kinazunguka. Uliza kinazunguka kwa kasi gani.

Mimi sikuuliza. Miaka ikapita.

Ndipo akaja Masudi. Huyu alikuwa mpwa wa Mzee Hamadi na dereva wa lori lake, mdomo wake na honi ya lori huwezi kujua kipi kimepigwa. Safari moja akarudi kutoka Mbala, ng'ambo Zambia, na gramafoni mpya, na ndani ya gunia la nguo, Konokono. Jalada lile lile! Nilipoliona nilitaka kumkumbatia. Nikafikiri, sasa tuko na akiba.

Lakini Masudi hakutuletea sisi. Alikwenda Chala, ambako lori lilikuwa linalala safarini, akakusanya washabiki wake. Habari zikaanza kuja na abiria. Masudi anasema wa Mazwi wana Konokono mgonjwa. Masudi anasema wimbo ule ni wa mbio. Jumapili moja lori likaingia Mazwi limejaa watu wa Chala, likaegeshwa mbele ya baraza. Masudi akafungua mashine yake juu ya boneti, akatoa nyaya mbili, akazibandika kwenye betri ya lori.

Jamani! Kinanda kile kilitoka kama mwizi aliyepigiwa kelele. Gitaa likawa siyo ng'ombe tena, mbuzi. Na babu yetu, babu wa kando ya moto, alikuwa anaongea kama karani aliyebanwa na haja.

"Zima!" nikaruka. "Zima huo uchafu!"

"Uchafu? Ndiyo wimbo wenyewe huu. Nyie mnasikiliza msiba. Hiyo mashine yako ina malaria, Dezi."

"Malaria unayo wewe na ukoo wako!"

"Ukoo wangu ndiyo umekupa baraza."

Hapo alinipata, na nikipatwa huwa napiga kelele zaidi. Nikanyakua jalada, nikapanda juu ya stuli. "Tazameni! Kachorwa nani hapa? Kachorwa sungura? Kachorwa swala? Watu wa mbio wangejichora konokono kwa hiari yao?"

Watu wa Mazwi wakapiga makofi. Masudi hakupepesa.

"Konokono mwenyewe anakwenda mwezini. Kwa mwendo wako wewe atafika lini? Atakuta mwezi umeshatua!"

Chala wakacheka mpaka lori likayumba. Mimi nikashuka kwenye stuli kwenda kumshika shati. Ndipo Mzee Hamadi akatoka ndani, yadi mkononi, akaipitisha katikati yetu kama mtu anayefunga barabara.

"Santuri ni hiyo hiyo?"

"Ndiyo, mjomba," akasema Masudi.

"Basi mmoja wenu anapunja. Katika duka langu hakuna yadi ndefu ya huyu na yadi fupi ya yule. Masudi, kama ni wewe, funguo za lori nipe. Dezi, kama ni wewe, umewapunja watu juu ya baraza langu kila Jumapili. Meza inashuka ngazi leo."

Nikamwangalia Oresti. Alikuwa anakohoa taratibu, anatazama viatu vyake.

Tukaweka mashine mbili pamoja, sindano zikashuka kwa mkono mmoja. Masudi akamaliza. Sisi ndiyo kwanza tulikuwa Kuteremka Bondeni. Chala wakarusha kofia kama wamefunga goli.

"Aliyemaliza kula kwanza alikuwa na njaa," nikafoka, "utamu hajui!"

"Nyamazeni," akasema Mama Anjelina kutoka uani kwake. "Huo wa Masudi upigeni tena. Tuutwange."

Wakashika michi, yeye na binti zake. Wimbo ukaanza mbio. Michi ikapanda, ikashuka, ikapanda. Likaja lile pengo la jino, Mama Anjelina akatia mkono, na mchi wa binti yake ulikuwa tayari unashuka. Aliutoa mkono kwa neema ya Mungu. Michi ikagongana, kinu kikalala ubavu, mahindi mpaka barabarani, kuku wa Mazwi wote wakaja.

"Huu wimbo unataka kunikata vidole!" akapiga kelele. "Masudi, mwanangu, nimekukosea nini?"

Nilicheza, vijana. Nilicheza kwa mguu mmoja kuzunguka lori lile lote. Lakini Mzee Hamadi akatikisa kichwa.

"Kinu siyo yadi."

"Yadi ipo," akasema Fundi Oresti.

Akaja mezani, akatuonyesha namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya duara katikati ya santuri: ndiyo mizunguko ya dakika moja, thelathini na tatu na kidogo. Akabandika kipande cha karatasi nyeupe ukingoni mwa sahani. Karatasi ikipita mbele ya msumari, hesabu moja. Saa ikatumika ya Mzee Hamadi mwenyewe, yenye mshale wa sekunde. Hivyo ndivyo inavyopimwa, na mpaka leo mtu akikuletea gramafoni ya babu yake fanya hivyo hivyo, huhitaji kifaa cha Ulaya.

Tukaanza na ya Masudi. Baraza zima, Mazwi na Chala, tukahesabu kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza. Tulipita namba, tukaendelea kwenda, dakika bado haijaisha. Mashine ya mawe sita kaibandika kwenye betri ya lori! Ilikuwa imelewa umeme. Nilicheka mpaka nikashika nguzo.

"Sasa yako, Dezi."

Tukahesabu. Karatasi ikapita. Ikapita. Sauti za watu zikaanza kupungua mmoja mmoja, maana kila mtu alikuwa anaona. Dakika ikaisha namba ikiwa mbali huko, haijaonekana hata vumbi lake.

Mzee Hamadi akaitikisa saa, akaiweka sikioni. "Dezi. Inapungua."

"Saa yako mbovu!"

Nilimwambia hivyo Mzee Hamadi. Mbele ya watu. Hata Masudi alishika mdomo.

"Saa ni nzima," akasema Oresti. "Mpira ndiyo umelegea. Siku zote umelegea."

"Ulikuwa unajua?"

"Wimbo huu nilikuwa nausikia mgodini kila nikitoka zamu. Nilijua siku ile ile ulipovisha tyubu."

"Na ukaninyamazia?"

Oresti akakohoa, akafuta mdomo. "Kule ulikuwa unanipita, Dezi. Kama gari moshi. Huku ulisimama, ukapiga makofi ya salamu, ukauliza habari za watoto, za ng'ombe, za shamba. Mimi Mfipa. Kitu kikipita bila kusalimia sikijui."

Watu wa Mazwi wakasema, "Eee." Lakini Mzee Hamadi alikuwa mtu wa yadi. Akanielekezea ile yadi kifuani. "Irekebishe. Sasa hivi, mbele ya hawa uliowapunja, mpaka ilingane na saa. Ukishindwa, shusha meza."

Mikono ilikuwa imejaa hasira, na mikono yenye hasira haifai kwenye kazi hii, kwa hiyo nikaikalia kwanza. Na nyie muikalie. Halafu nikafungua. Nikafuta mafuta yaliyoganda. Nikaukata ule mpira wa zamani, nikaupunguza, nikaunga kwa gundi ya pancha, nikausubiri ushike. Mawe nikayapasha kwapani. Tukahesabu, mwendo ukazidi kidogo. Nikalegeza mota kwenye skrubu zake. Tukahesabu tena. Namba na dakika zikafika pamoja kama bibi na bwana harusi.

"Piga," akasema Mzee Hamadi.

Ndiyo siku ya kwanza Sumbawanga ilipomsikia Konokono wa kweli. Hakuwa mgonjwa, hakuwa mlevi. Alikuwa safi. Kila kitu mahali pake. Watu walimsikiliza kwa adabu, mikono magotini, kama anavyosikilizwa mgeni rasmi. Ulipoisha hakuna aliyesema rudia.

"Ndiyo hao?" akauliza katibu.

"Ndiyo hao," nikasema.

"Mh."

Mama Anjelina akawa amejiegemeza kwenye mchi wake. "Huyu anayeimba ni mtoto. Babu yetu yuko wapi?"

Halafu sauti ikatoka nyuma, ya yule mshona nguo niliyemtoa kwa kola. "Dezi, rudisha."

"Rudisha!" wakaitikia. "Rudisha babu!"

Nikamgeukia Mzee Hamadi. Nilidhani atawafukuza wote. Akaisimamisha yadi, akaegemeza kidevu juu yake, akafikiri.

"Mteja akitaka robo yadi, namkatia robo. Dhambi ni kumwambia ni yadi nzima. Sasa wameijua yadi, na bado wanataka robo yao. Warudishie." Halafu akatabasamu, kitu ambacho kilikuwa kinaonekana kama mawe ya redio. "Lakini ile ile, Dezi. Ukiweza kuirudisha ilivyokuwa, wewe fundi. Usipoweza, siku zote hizo ulikuwa unaotea tu, na baraza langu siyo la waoteaji."

Vijana, kutengeneza sawasawa ni kazi. Kukosea sawasawa, pale pale ulipokosea mwanzo, hiyo ndiyo kazi yenyewe! Na mpira wa zamani nilikuwa nimeshaukata kwa mkono wangu. Ilitakiwa tyubu. Na tyubu za baiskeli dukani zilikuwa hazipo, hata kwa Mzee Hamadi, hata kwa katibu. Nikawaangalia wenye baiskeli. Waliokuwa wanapiga kelele rudisha rudisha, kila mmoja akaenda kushika usukani wake. Katekista akapanda yake kabisa, akaondoka, akisema kuna mgonjwa.

Masudi akashuka kwenye boneti. Nyuma ya lori alikuwa na baiskeli yake mwenyewe, mpya, ile aliyokuwa anazungukia mjini jioni ili wasichana waione. Akaishusha. Akaipindua. Akachomoa tairi la nyuma kwa vijiko viwili, akavuta tyubu nzima, akanitupia.

"Kata."

"Masudi, baiskeli yako..."

"Kata kabla sijabadilisha mawazo, we Mfipa." Halafu akasogea, akapunguza sauti, na mtu yule alikuwa hajui kupunguza sauti. "Mimi nimeusikiliza huu wa mbio peke yangu tangu Mbala, njia nzima. Unaisha, unabaki wewe na injini. Nataka nione huyo babu."

Nikakata pete. Nikavisha. Saa tukairudisha mfukoni kwa Mzee Hamadi, maana haikuwa na kazi tena. Yadi yangu ilikuwa kinu. Mama Anjelina na binti zake wakasimama na michi. Nikaweka sindano.

"Haraka," akasema Mama Anjelina. Nikaivua, nikaivuta kidogo kwenye goti, nikaivisha.

"Bado haraka, nafasi ya mkono haitoshi." Nikaipaka sabuni kidogo ndani iteleze.

"Sasa analala!" Nikaifuta upande mmoja.

Michi ikaanza. Du, du, du. Pengo likaja, mkono ukaingia kwenye kinu, ukageuza mahindi, ukatoka bila haraka yoyote, ukajipangusa hata kwenye kanga. Mchi ukashuka. Mama Anjelina alifumba macho, akaendelea kutwanga.

Na babu akafungua mdomo, akaongea.

Masudi alikaa kwenye ngazi ya baraza mpaka mwisho, Kuteremka Bondeni na yote, ameshika usukani wa baiskeli isiyo na tyubu. Meza yangu haikushuka ngazi siku ile wala siku nyingine. Jioni nilimsaidia kusukuma baiskeli mpaka kwake, tukigombana njia nzima kama ule ulikuwa mwendo wa konokono anayepanda au anayeshuka.

Kwa hiyo nawaambia mnaotaka kazi hii. Kila chombo kina yadi yake, itafute, usione aibu kuitafuta mbele ya watu. Ukishaijua, muulize mwenye chombo anataka nini. Na kama anataka robo, mkatie robo nzuri.

Oresti ametangulia, na Mzee Hamadi, na Mama Anjelina. Gramafoni ililiwa na mchwa. Santuri iliisha, na nikisema iliisha naongea kwa maana ya jembe: sindano ililima mitaro mpaka ikabaki plastiki laini kama kipara changu.

Wiki hizi hapa akaja Rukia, mjukuu wa Masudi, binti mwenye kelele kama babu yake. "Shikamoo babu Dezi, nimekuletea Konokono wenu!" Akaniwekea simu mezani. Jalada lile lile, jekundu, dogo kama stempu. Akabonyeza. Nikasikiliza kidogo tu.

"Hawa wanakimbilia wapi?"

"Babu, usikasirike, naweza kupunguza." Akabonyeza mahali, kweli mwendo ukapungua. Nikainamisha sikio. Hapana.

"Umempunguza mwendo, sauti hukumshusha. Huyo ni kijana anayetembea taratibu, siyo mzee."

Akacheka, akahangaika na kioo chake, haikuwezekana. "Basi nikuambie jina lao la kweli? Limeandikwa hapa."

"Kaa nalo."

Nikavaa koti, tukaenda wote Milanzi kwa babu yake. Masudi sasa miguu haiendeshi hata kiti. Alikuwa juani, kajifunika blanketi. Nilimwambia simu imeshindwa. Akafurahi mno, mshenzi yule.

"Wa kwetu haumo humo," akasema. "Anza wewe."

Nikaanza kinanda, kwa mdomo. Yeye akachukua gitaa. Rukia alikuwa anashika mbavu, baadaye akaacha kucheka. Nilikuwa napiga mguu chini, du, du, du, na kwenye pengo naacha nafasi ya mkono. Masudi hajabadilika. Kila pengo analiruka, kila kona anaikata. Nikiwa bado Kuteremka Bondeni, akamaliza.

Akaweka kidevu juu ya blanketi, akanisubiri. Halafu akaanza kupiga goti lake kwa kiganja, taratibu, kwa mwendo wangu, mpaka nilipofika chini.